Kimea: kutoka chungu cha pombe hadi bakuli la mtoto

Wengi wetu wa mjini tukisikia neno kimea tunafikiria pombe. Mbege ya Uchagani haikamiliki bila kimea cha ulezi. Lakini kimea kina historia nyingine ambayo shuleni sikufundishwa, na leo nataka tuizungumze.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina alilolikuta kwa watu wa kabila la Ga: kwashiorkor. Kwa miaka mingi wataalamu waliona tatizo kubwa ni upungufu wa protini, na maziwa ya unga yakasafirishwa kwa meli kuja Afrika. Miaka ya 1970 hoja hiyo ikatikiswa. Ilionekana kuwa watoto wengi hawapati chakula cha kutosha, basi.

Utauliza, hawapati vipi na uji upo? Unga wa mahindi ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ili mtoto aweze kumeza, mama huweka unga kidogo na maji mengi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linajaa maji huku njaa iko palepale. Mama akiongeza unga, uji unakuwa kama ugali na mtoto anaukataa.

Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao ya hapa Tanzania. Chukua uji mzito, tia unga kidogo wa nafaka iliyochipushwa, na baada ya dakika chache uji unalainika bila kuongezwa maji. Kimeng'enya kilichomo kwenye kimea huvunja wanga. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi. Ulezi ndio salama zaidi, maana machipukizi ya mtama hubeba kemikali zinazozaa sayanaidi na lazima yaondolewe.

Maarifa hayo yalikuwa kwa bibi zetu siku zote, ila yaliishia kilabuni!

Miaka hiyo hiyo ukaanza mpango wa lishe wa Iringa katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini na wazazi wakahimizwa kuwalisha mara nyingi zaidi kwa siku. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi karibu 2. Sisemi ni kazi ya kimea. Kuloweka, kuchipusha, kuanika na kusaga huchukua siku kadhaa, na mama wa kijijini ana jembe, kuni na ndoo ya maji vinamsubiri.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Leo mjini tunanunua unga wa lishe wenye nafaka saba au kumi, tukiamini wingi wa aina ndio siri. Ukipikwa mwepesi kama maji, nafaka kumi hazimsaidii mtoto. Tuangalie kwanza uzito wa uji, analishwa mara ngapi kwa siku, na mama anapata wapi muda wa kumlisha. Mnaonaje?