Shayiri ya Ladakh

Upande wa kaskazini wa India, katika milima ya Himalaya, iko inchi moja jina lake Ladakh. Mji wake mkubwa, Leh, uko juu sana, kadiri ya meta 3,500. Mvua ni haba kabisa, kwa sababu milima mirefu inazuia mawingu. Basi, tangu zamani watu wa huko wamekula nini?

Mwaka 1715 Padri Ippolito Desideri, Mjezuiti wa Italia, alifika Leh pamoja na mwenzake, Padri Manoel Freyre. Walitoka Kashmir kwa miguu, safari ya siku 40, wakikanyaga theluji. Desideri aliandika kwamba inchi ile ni kavu, tena huzaa hasa shayiri, ngano kidogo, na mahali pengine matunda ya aprikoti.

Labda mtauliza: shayiri yamea namna gani pasipo mvua? Theluji ikiyeyuka milimani, watu huongoza maji kwa mifereji mpaka mashambani. Katika vijiji vingi yuko mtu wa kugawa maji, aitwaye churpon. Yeye huamua shamba gani linyweshwe leo, na lipi lingoje kesho. Mtu akijifungulia maji kwa siri, anamnyima jirani chakula.

Shayiri iliyovunwa hukaangwa, kisha husagwa kwa mawe yanayozungushwa na maji ya kijito. Unga huo umekwisha kuiva. Mtu huutia katika chai yenye chumvi na siagi, huufinyanga tonge kwa mkono, akala. Ni chakula chema kwa inchi yenye kuni chache.

Baada ya mwaka 1960 mambo yaligeuka. Barabara ya motokari ilijengwa toka Srinagar mpaka Leh, malori yakaleta mchele na unga wa ngano, na Serikali ikauza kwa bei ndogo. Hofu ya njaa ilipungua, na hilo ni jambo jema. Lakini vijana wengi walifuata mshahara mjini, na mashamba mengine yakaachwa.

Mchele, mtu aweza kuununua peke yake. Shayiri haipatikani wasipopatana wote: mfereji usiposafishwa, maji hayamfikii mtu ye yote. Kwa hiyo wazee wa Ladakh wakisikitikia shayiri, tusidhani wanalilia tumbo tu. Wanaulilia ujirani.