Detroit 1989: msihesabu mechi pekee

Wasee, mkijadili drafti ya hoki ya barafu, mnaangalia tu chipukizi wa kwanza kuchaguliwa. Sawa. Mwaka wa 1989, Detroit Red Wings walianza na Mike Sillinger, nambari 11. Akaishia kuchezea timu 12 za NHL, kama mpangaji anayehama kila kodi ikipanda.

Lakini shukeni chini. Nambari 53, Lidström, Mswidi. 74, Fedorov. 221, Konstantinov. Hao Warusi wawili walikuwa Umoja wa Kisovieti. Nani angewaruhusu watoke? Fedorov alitoroka 1990.

Juni 1997 wote watatu wakabeba Stanley Cup. Siku sita baadaye, ajali ya gari ikamaliza hoki ya Konstantinov. Misimu 6 tu. 1998 wenzake wakashinda tena, wakampa kombe akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Huyo mtampa alama ngapi?