Kimelea

Wapo watazamaji wanaolalamika kwamba Parasyte: The Grey, tamthilia ya Korea Kusini iliyoongozwa na Yeon Sang-ho na kutoka Netflix mwaka 2024, imeisaliti manga ya Hitoshi Iwaaki: kisa sasa kinaongozwa na Su-in, si Shinichi na Migi, kimelea cha mkononi mwake. Neno kimelea, ambalo ndilo maana ya jina Parasyte, linawajibu. Limetokana na kumea katika kauli ya kutendea, kumelea, yaani kuota juu ya kingine. Na kinachomelea mti hakiuigi, kina majani yake. Mtasema kimelea hunyonya. Kweli, na tamthilia hii imenyonya wazo zima la viumbe wanaovaa miili ya watu. Yaliyoachwa ni mabishano ya Shinichi na Migi ana kwa ana (utamu wenyewe!), kwani Heidi, kimelea cha Su-in, huamka dakika 15 tu kwa siku. Hilo ndilo la kulalamikia.