Nafuu ya kodi ya kipato cha kazi (Marekani)

Nafuu ya kodi ya kipato cha kazi ni msaada ambao serikali kuu ya Marekani huzipa kaya za wafanyakazi wenye kipato kidogo tangu 1975. Nafuu ikizidi kodi inayodaiwa, kinachobaki hulipwa familia yenyewe.

Kwanza hutazamwa kipato: kwa mwaka wa kodi 2024, wanandoa wenye watoto watatu au zaidi walitakiwa kuwa chini ya dola 66,819, na nafuu ya juu ilikuwa dola 7,830. Sharti gumu zaidi ni la mtoto. Mjukuu, mpwa na mdogo wa mlipakodi nao huhesabiwa, mradi awe chini ya miaka 19, au 24 akiwa mwanafunzi wa muda wote. Mwenye ulemavu wa kudumu hawekewi ukomo wa umri. Lakini lazima mtoto awe ameishi na mlipakodi huko Marekani zaidi ya nusu mwaka. Kumtumia matumizi mtoto aliyebaki nje ya Marekani, tuseme Goma au Bujumbura, hata kila mwezi, hakutoshi.

Mlipakodi, mwenzi wake na mtoto wote wawe na namba za Hifadhi ya Jamii zinazoruhusu kazi. Hata asiyedaiwa kodi hana budi kujaza fomu ya kodi ili apate nafuu. Miaka mitatu ikipita tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha fomu, fedha hizo hazidaiwi tena.