Picha Bila Kamera, Mkono Bila Kipande

Wengi hudhani picha ilianza na kamera. Mwaka 1834, huko Uingereza, William Henry Fox Talbot alianza kupaka karatasi chumvi na dawa ya madini ya fedha, akalaza majani na lesi juu yake, akaanika juani. Palipopigwa na mwanga pakawa peusi, palipofunikwa pakabaki peupe. Mwaka 1843 Anna Atkins akaanza kutoa kitabu chake cha mwani. Kila mmea ulilala kwenye karatasi ukaacha umbo lake jeupe ndani ya buluu.

Kamera hutaka umbali: mpiga picha asimame kule, wewe usimame hapa. Picha ya Atkins hutaka mguso. Kitu kisipolala juu ya karatasi, hakuna picha.

Sisi nasi tulikuwa na picha za mguso, ila hatukuziomba. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka mwanamume Mwafrika nchini Kenya kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Wino, kidole, karatasi. Alichokigusa ndicho kilichomfunga: akitoroka kazi kwa mzungu, ile mistari ya kidole ilimtafuta.

Nilianza kuyafikiria haya Kangeta, 2020. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Somalia ilikuwa imezuia ndege za miraa, na kwa mji ambao jina lake ni jina la miraa, hiyo ilimaanisha mifuko mitupu. Nairobi ilipofungwa Aprili 6, mimi nilikuwa nyumbani tayari, na pakiti ya karatasi za picha za zamani.

Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikapanga beseni tatu: dawa ya kutoa picha, maji, dawa ya kuikaza. Balbu nyekundu. Kwa wafanyabiashara wa miraa giza ni daraja la mzigo. Kwangu sasa likawa chumba. Nililaza vijiti vya miraa ambavyo havikuwa na mnunuzi, nikawasha tochi ya simu, nikahesabu moja hadi tatu, nikazima. Ndani ya dawa karatasi ikaanza kuwa nyeusi, na vijiti vikabaki vyeupe, kama mifupa.

Usiku mmoja shosho akaingia kuona nafanya nini na maji yake. Nikamwomba aweke mkono.

"Hii ni ya serikali?" akauliza. Baba yake aliwahi kuvaa kile kikopo.

"La, shosho. Ni yako tu."

Akafikiri kidogo, kisha akaulaza. Ulitoka mweupe pe, vidole vilivyopinda kwa miaka ya kuchuma, lakini bila mstari hata mmoja. Mwanga huo haufiki chini ya kiganja. Unajua tu pale mkono unapoishia. Kipande kilinasa mistari ili mtu atambulike, akamatwe. Karatasi hii ilisema kwamba mtu alikuwa hapa, aligusa, basi. Hakuna ofisi ingeweza kuitumia.

Wakati huo watu nchi nzima walikuwa wameambiwa wasishikane mikono. Nyuma ya ile picha niliandika tarehe peke yake. Shosho alitaka jina lisiandikwe, nami sikuliandika.