Mabingwa Wanaopita Arusha

Arusha haijawahi kutoa bingwa wa Ligi Kuu. Ilicho nacho ni uwanja, nao una jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, na mwaka 1954 aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa vina na mizani, na leo watu wanazomea refa chini ya jina lake.

Mabingwa tunaowaona hapo ni wa kupita tu. Kuutwaa ubingwa ni shida, kuutetea ni shida mara mbili, hasa kwa timu ya mkoani. Tukuyu Stars walipanda daraja wakautwaa mwaka 1986, wakiwa wageni kabisa. Mwaka uliofuata wakashuka. Baadhi ya nyota wao walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kwa wakubwa wa Kariakoo, Simba na Yanga, na timu ikivunjwa hivyo, kombe hubaki kama kinyago cha sebuleni. Ufaransa nako mambo ni yaleyale: Lille walibeba ubingwa 2021, kocha akaondoka, wakamaliza msimu uliofuata nafasi ya kumi.

Kwa timu za mikoani upande wa Bara ninaowahesabu kuwa waliutetea ni Mtibwa Sugar, waliobeba 1999 wakarudia 2000. Timu ya kiwanda cha sukari, shamba la miwa huko Morogoro! Juni 2018 walikuja hapa Arusha wakaifunga Singida United 3-2 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Miaka sita baadaye walishuka daraja.

Sisi wenyewe tulijaribu. AFC ya Arusha walishuka msimu wa 2010/11, na mara moja JKT Oljoro wakapanda kuchukua nafasi. Misimu mitatu tu. Mwaka 2014, Azam walipotwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, Oljoro walikuwa miongoni mwa walioshuka. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, jiji halikuwa na timu ya Ligi Kuu, na mapenzi yetu tumeyapeleka kwenye vibanda umiza, mbele ya televisheni.

Kwa hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho ikija, mji mzima unaamka. Tarehe 2 Julai 2022, siku ya baridi yetu, watu walikuja na masweta, muuza kahawa akipita na birika lake la mkaa kati ya miguu ya watu. Yanga walikuwa wametoka kuunyakua ubingwa bila kupoteza mechi, wakiwapokonya Simba waliokuwa wameushikilia misimu minne. Upande wa pili Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa 1988, ambao hadi leo watu wazima wanawataja kwa sauti ya kukumbuka mpenzi wa zamani. Abdul Sopu akafunga mabao matatu peke yake. Ungedhani hiyo inatosha kubeba kombe. Haikutosha: dakika 120 ziliisha 3-3, na Yanga wakachukua kwa penalti 4-1. Mfungaji wa mabao matatu akatoka mikono mitupu. Waliovaa njano wakashangilia kana kwamba wamezaliwa Jangwani, makao ya Yanga, na wengi wao ni watu wa Ngarenaro na Sakina, hapahapa Arusha.

Yanga wakautetea 2023, wakautetea tena 2024. Oktoba mwaka huohuo Coastal walikuwa wakitumia uwanja wetu kama nyumbani, wakawakaribisha mabingwa watetezi hapahapa. Yanga wakashinda 1-0. Kwenye karatasi wenyeji walikuwa Coastal; jukwaani mwenyeji humjui, maana njano ilikuwa nyingi kuliko nyekundu na nyeupe ya Coastal.

Huko Olmoti, pia Arusha, kunajengwa uwanja mwingine, wa watu takriban 30,000, kwa ajili ya AFCON 2027. Bodaboda wa stendi wameshaanza kubishana kuhusu nauli ya kufika huko siku ya mechi.