Kuchukuliana Mizigo: Habari za Kusaidiana Kwetu Kitale na Bungoma



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na kurasa za hesabu, orodha ya ada, na majina ya ndugu waliotuacha. Safari hii kamati imetuagiza tuongeze habari kidogo za kale, kwa sababu katika mkutano mkuu litajadiliwa pendekezo la kubadili kanuni yetu ya malimbikizo, ile isemayo kwamba mwanachama aliyekawia kulipa ada kwa miezi sita hapati msaada wa maziko. Sisi tulioshika kalamu si wanahistoria. Lakini tumeona ya kuwa neno hili la nani asaidiwe na nani aachwe ni la zamani kuliko chama chetu, na yafaa wanachama walijue kabla ya kuinua mikono.

Wako watu wadhanio kwamba kusaidiana kulikuja na dini ya Wazungu. Sivyo. Babukusu walilimiana mashamba na kuzikana kabla ya padri wala mwalimu yeyote kukanyaga nchi hii. Baada ya mazishi ya mzee wa heshima huja kumuse, ambapo msemaji hutembea mbele ya watu na fimbo yake, akiwafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Wakristo wa kwanza waliikimbia desturi hiyo wakiita ushenzi. Siku hizi wengi huketi na kusikiliza, nasi hatuoni dhambi kumsikiliza mtu mwenye hekima. Ila jambo moja lazima tulikiri. Msaada ule wa kale ulifuata ukoo. Mpita njia asiye na ukoo alipofia mahali, mambo yake yalikuwa magumu.

Mwezi wa Agosti 1902 Waamerika watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi kuanza misheni ya Marafiki. Waliiita misheni ya kazi za mikono, na jina hilo halikuwa la bure: palikuwa na msumeno wa mbao uliozungushwa kwa maji ya mto, palikuwa na matofali, na baadaye hospitali na shule. Marafiki hawakupenda vyeo vikubwa, na katika ibada yao mtu yeyote aliweza kusimama na kunena, mwanamume au mwanamke. Kwa wazee wetu hilo lilikuwa ajabu kuliko msumeno. Kutoka Kaimosi kazi ilienea hadi Lugulu, katika nchi ya Bungoma, ambako Jefferson Ford na mkewe Helen walitumika. Waliojifunza hapo walifundishwa kwamba jirani si wa ukoo peke yake. Fundisho hilo ni jepesi kulikariri. Tutaona lilivyokuwa zito kulitenda.

Wakati huohuo nchi ya Trans-Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi. Reli ya kutoka Leseru ilifika Kitale mwaka 1926, na watu wetu wengi wakavuka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mahindi. Maskwota walipewa mahali pa kulima na kuchunga kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya 1918 ilitaja siku 180 kwa mwaka. Wanaume walibeba kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mtu alipokufa huko, ukoo ulikuwa mbali na nauli hakuna. Hapo ndipo watu walipoanza kuchangishana senti katika kambi za wafanyakazi, kila kabila kwa upande wake, ili maiti ipate sanda na jamaa wapate habari. Vyama kama chetu vilitoka katika haja hiyo.

Sasa tumtaje mtu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana Kitale, naye ni Walter Edwin Owen, Arkidikoni wa Kavirondo katika Kanisa la Anglikana. Alifika Nyanza mwaka 1918 kutoka Uganda. Nchi ilikuwa imechoka: vita vimemaliza vijana waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kodi imepandishwa, kipande kimeletwa. Mwishoni mwa 1921 watu waliosoma Maseno walifanya mkutano mkubwa huko Lundha na kuunda chama cha kudai haki zao. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwalimu Jonathan Okwiri. Mwaka 1923 Owen aliwashauri wakigeuze kiwe chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, yeye akawa rais, na Okwiri akampisha kitini. Waluhya wa North Kavirondo, ambayo Bungoma ilikuwa sehemu yake, nao waliingia katika kazi hiyo.

Wanachama walijifunga kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kutunza usafi wa nyumba zao. Wako waliocheka, wakasema tulikwenda kudai ardhi tukarudishwa kuhesabu mikia ya panya. Kicheko hicho kina haki yake. Hata hivyo tusisahau ya kuwa tauni iliua watu Nyanza katika miaka hiyo, na tauni huletwa na viroboto wa panya. Aliyeua panya wa nyumbani kwake alimwokoa mtoto wa jirani pasipo kumjua.

Owen hakuishia kwenye panya. Wanawake na watoto walipolazimishwa kufanya kazi ya barabara, aliandika barua mpaka Uingereza, zikachapishwa katika gazeti la Manchester Guardian, na Serikali ikaona haya. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa ili iwe rahisi kuwaondoa watu mahali pa machimbo, alipaza sauti tena. Walowezi walimchukia hata wakamgeuzia cheo chake cha ukuhani kuwa jina la shetani. Alistaafu mwaka 1944 akafa mwaka uliofuata.

Tumemsifu, lakini tusimfanye malaika. Alikalia kiti ambacho Mwafrika alikuwa amekwisha kukikalia, na madai ya hati za mashamba yalipoa chini ya mkono wake. Ukituuliza katika habari hii ni nani aliyeonyesha unyenyekevu zaidi, rais aliyeshika kiti au mwalimu aliyeondoka akaendelea kutumika, sisi tungemtaja mwalimu. Wazee wenye maoni mengine watatusamehe.

Huku kwetu hasira ya ardhi haikupoa. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji hodari wa mpira aliyelelewa miongoni mwa Marafiki, aliachana nao, na katika miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatua risasi juu ya mkutano wa watu wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Si kazi ya kijitabu hiki kuamua ubora wa dini. Tunasema tu kwamba wale watu walikuwa wamesikia habari ya upendo kwa miaka mingi, na macho yao yalikuwa yakitazama ng'ambo ya mto, kwenye mashamba waliyokatazwa. Wahubiri wengi hawakuwa na neno juu ya mashamba hayo.

Marafiki wa Afrika Mashariki walipata mkutano wao wa mwaka mnamo 1946. Baadaye walifarakana, na mwaka 1973 ndugu wa Elgon wakajitenga. Magomvi yale yalikuwa ya aibu, nasi tutayapita upesi.

Jaribu kubwa lilikuja mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, mapigano ya kikabila yalipozuka Trans-Nzoia na Bungoma. Nyumba zilichomwa upande wa Endebess, na pande za Chwele na Namwela watu walikimbia na watoto mgongoni. Wengi walilala katika viwanja vya makanisa, na Baraza la Makanisa nchini lilitoa ripoti mwaka 1992 iliyosema waziwazi kwamba vita hivyo vilichochewa kisiasa. Wako Wakristo waliofungua milango, na wako Wakristo waliobeba mishale. Yote mawili ni kweli. Mambo yalipoharibika tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega mwezi Januari 2008, wakati barabara bado si salama, wakaanza kazi ya kuwapelekea watu wa kambini chakula na blanketi, kisha kuwakalisha pamoja wale waliochomeana nyumba. Kazi hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya blanketi.

Sasa turudi kwenye kanuni yetu, na hapa hatuna budi kusema lililotupata sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita alifariki mwanachama mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku mjini Kitale. Mkewe alikuja kuomba nauli ya kupeleka jeneza nyumbani, upande wa Bungoma. Tulifungua buku la hesabu tukaona marehemu amekawia miezi saba. Tulimsomea mama yule kanuni, tena kwa sauti ya kiofisi, tukachora mstari wa wino mwekundu juu ya jina la mumewe. Hakubishana. Aliaga kwa adabu akatoka. Baadaye tulipata habari kwamba wauza mboga wa sokoni, ambao wengi wao si wa kabila lake wala wa kanisa lake, walichanga fedha jioni ile, na jeneza likasafiri asubuhi.

Baada ya mavuno alirudi ofisini. Alifungua fundo la leso akahesabu ada ya miezi saba, shilingi juu ya shilingi, akaziweka mezani. Tulimwambia kwamba marehemu hadaiwi. Akajibu, "Najua, baba. Nataka ule mstari mwekundu ufutwe, watoto wake wasije wakauona."

Wino haufutiki. Tuliandika jina upya katika ukurasa mwingine, na stakabadhi tukampa. Fedha zile tuliziingiza katika hesabu, nazo zimo katika jumla ya mwaka ule kwa yeyote atakayetaka kuzitafuta.

Pendekezo ni la sita katika ajenda. Limeletwa na wanachama wawili, na wa pili wao ni mama huyo, ambaye sasa ni mwanachama kwa jina lake mwenyewe na ada yake imelipwa hadi Desemba.